Piano iliyochakatwa: fuata mkia wa noti

Mtu akianza kusikiliza ambienti ya piano, yaani muziki wa polepole ambao noti zake zimebadilishwa studio na kuachwa zififie, jambo la kwanza analofanya ni kupandisha sauti mpaka noti ya kwanza isikike vizuri, halafu anaiacha hapo hapo. Baada ya dakika kumi analalamika kwamba muziki wenyewe hauna kitu: noti, kimya, noti, kimya. Hicho anachokiita kimya ndimo kazi yote ilimofanyika. Noti imepigwa ili iache kitu nyuma yake, na mtayarishaji ameshughulika na kile kilichobaki kuliko alivyoshughulika na noti yenyewe.

Ndiyo maana kanuni yangu ni fupi: panga sauti kwa kufuata mkia, si mpigo. Mpigo ni pale nyundo inapogonga nyuzi. Mkia ni kila kinachofuata hadi sauti iishe. Tafuta sehemu ambayo noti inafifia na nyingine bado haijapigwa, kisha ongeza sauti kidogo kidogo mpaka uusikie mkia ukizama ndani ya sauti za chumba chenyewe. Simama hapo. Ikiwa mpigo unaofuata unakushtua, basi chumba kina kelele mno kwa muziki huu, na dawa ni kupunguza kelele, si kuhangaika na kitufe cha sauti.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme mwangwi uliomo kwenye rekodi unachukua sekunde 12 kushuka desibeli 60 (desibeli ni kizio cha ukubwa wa sauti), kipimo ambacho wahandisi wa sauti hutumia kutaja urefu wa mwangwi. Maana yake unashuka desibeli 5 kila sekunde. Chumba kitulivu usiku huwa na desibeli 30 hivi. Piano ikifika 65 kwenye kilele chake, una desibeli 35 za kusikiliza, yaani sekunde 7 za mkia. Washa feni inayokifikisha chumba desibeli 45: zimebaki 20, sekunde 4. Feni imekula sekunde 3 za kila noti na hukugundua, kwa sababu mpigo bado unausikia vilevile kama mwanzo.

Ndani ya noti moja

Ukiijua noti ya kawaida ya piano inavyokufa, utajua kilichofanyiwa mabadiliko. Chukua A iliyo chini ya C ya kati, yenye hezi 220, yaani mitetemo 220 kwa sekunde. Kinachoanza si A kabisa, ni kishindo: nyundo, mbao, kibao kikigonga chini. Hilo linaisha ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kisha noti inasimama.

Piano kamili ina vibao 88 lakini nyuzi zipatazo 230. Noti za chini kabisa zina uzi mmoja mnene kila moja, zinazofuata zina nyuzi mbili, na zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, zina tatu. A yetu ina tatu. Nyundo ikizigonga kwa pamoja, zote tatu zinasukuma daraja (mti ambao nyuzi zimelalia) na ubao wa sauti upande mmoja. Nguvu inatoka haraka na sauti inashuka upesi. Lakini nyuzi tatu hazilingani kwa usahihi kamili hata fundi awe hodari vipi. Muda si mrefu zinapishana hatua, mmoja unasukuma huku mwingine unavuta, daraja linatulia, na nguvu iliyobaki inavuja taratibu. Mwanafizikia Gabriel Weinreich alilieleza jambo hili mwaka 1977. Kwa msikilizaji maana yake ni kwamba noti ya piano ina miteremko miwili, wa kwanza mkali, wa pili mrefu na wa upole, na katika ule wa pili sauti hupanda na kushuka kidogo kwa sababu ya zile nyuzi kupishana. Ambienti ya piano inaishi kwenye mteremko wa pili.

Kuna jambo lingine la kushika kichwani: hamoniki, zile sauti za juu zinazoambatana na noti ya msingi, haziishi sawasawa. Za juu hufa kwanza. Kwa hiyo noti huanza ikiwa ang'avu na kumalizikia kwenye sauti nzito, isiyo na makali. Tutairudia hii muda si mrefu.

Halafu pedali ya kulia. Ikikanyagwa, vizuizi vyote, vile vinavyozima mlio, huinuka kutoka kwenye nyuzi, na noti moja huziamsha nyuzi ambazo hakuna aliyezigusa. Kama unaweza kuifikia piano halisi, bonyeza A ya oktavu moja chini (A inayofuata upande wa kushoto) polepole sana ili isitoe sauti, ishikilie, kisha gonga A ya juu kwa nguvu na uiachie papo hapo. A ya juu itaendelea kulia, safari hii ndani ya nyuzi za ile ya chini. Rekodi nyingi za aina hii zimejaa mlio huo, na wengi hudhani ni mtambo wa studio.

Pierre Schaeffer, akifanya kazi kwenye redio ya Ufaransa mwaka 1948, alikata mwanzo wa mlio wa kengele na kugundua kwamba kilichobaki hakitambuliki tena kuwa kengele. Piano ni hivyo hivyo. Iondolee mpigo, na sikio linaanza kubahatisha: zumari? kinanda cha kanisani? Ugunduzi huo ndio msingi wa sehemu kubwa ya muziki tunaouzungumzia. Kadiri mpigo unavyofichwa, ndivyo piano inavyoacha kuwa piano.

Kutambua kilichofanywa

Mbinu zinazotumika si nyingi, na kila moja ina alama yake.

Ya zamani kuliko zote ni kupunguza mwendo wa kanda. Kanda ikiendeshwa kwa nusu ya mwendo, noti hushuka oktavu moja na kila kitu huchukua muda maradufu. Usiishie kusikiliza noti, kwani piano inaweza kupigwa chini tangu mwanzo. Sikiliza vitu vingine: kishindo cha nyundo kimekuwa kizito na kivivu, kule kupishana kwa nyuzi kumepungua kasi kwa nusu, na chumba kilichorekodiwa kinaonekana kikubwa maradufu. Kanda iliyochoka huongeza alama nyingine, sauti kuyumba juu na chini. Piano huifichua kasoro hii kuliko ala nyingi, kwa kuwa piano haina namna ya kuyumbisha noti ikishapigwa. Violini ikiyumba unasema mpigaji ana hisia. Piano ikiyumba unajua ni mashine. Watayarishaji wengi leo huongeza kuyumba huko kwa programu, na wengi huzidisha. Kuyumba kwa kweli hakurudii mpangilio mmoja kila baada ya sekunde mbili.

Kugeuza sauti nyuma-mbele ndiko kunakowachanganya watu. Noti inavimba kutoka kimya na kukatika ghafla. Tatizo ni kwamba unaweza kupata uvimbe kama huo kwa kuipandisha taratibu noti ya kawaida. Utazitofautishaje? Hapa ndipo hamoniki zinapotusaidia. Kwenye piano ya kawaida ung'avu huondoka kwanza, hivyo noti iliyopandishwa tu huongezeka ukubwa huku ikizidi kuwa nzito. Iliyogeuzwa huongezeka ukubwa huku iking'aa, na sekunde ya mwisho ndiyo yenye makali kuliko zote, kisha kishindo, kisha hakuna. Ukishazisikia mara moja kwa kuzilinganisha, hutazichanganya tena.

Riverbu ndefu, yaani mwangwi unaoongezwa studio, kila mtu anaijua. Cha kuangalia ni kama inalingana na piano. Kama piano ina sauti ya karibu, kavu, unasikia hata vizuizi vikirudi kwenye nyuzi, lakini mkia ni wa ukumbi mkubwa, basi hivyo ni vyumba viwili vilivyounganishwa studio, na mara nyingi mvutano huo ndio uzuri wenyewe. Kuna aina ya riverbu inayopandisha oktavu kila sauti inapozunguka: unapiga noti, na sekunde chache baadaye wingu la noti hiyo hiyo oktavu moja juu linatokea nyuma. Lilipoanza kutumika lilikuwa jambo la ajabu. Siku hizi limewekwa kila mahali kama sukari, na rekodi inayolitegemea mwanzo hadi mwisho huchosha kabla ya dakika ya ishirini.

Dilei, mashine inayorudia sauti baada ya muda, ni rahisi kupima kwa sikio. Ikiwa mashine inarudisha nusu ya ukubwa wa wimbi kila mzunguko, kila marudio yanashuka desibeli 6. Marudio kumi ni desibeli 60. Kwa dilei ya nusu sekunde, kila noti inakwisha kabisa baada ya sekunde 5. Ukisikia marudio yanayozidi kuwa mazito kila yanapozunguka, hapo pana kanda au chujio ndani ya mzunguko.

Kukatakata sauti kuwa punje ni mbinu ya kompyuta. Noti hukatwa vipande vya milisekunde 20 hadi 100, kisha vipande hivyo hutawanywa, hurudiwa, huchanganywa. Punje zikiwa fupi mno, noti yenyewe hupotea na kubaki mchakacho. Zikipangwa kwa mwendo sawa, tuseme 40 kwa sekunde, utasikia mngurumo wa hezi 40 ambao haukuwa kwenye piano. Huo mngurumo ni kosa la kawaida la anayeanza. Dawa yake ni kuvuruga kidogo nafasi kati ya punje. Kunyoosha sauti kupita kiasi, mara kumi au hamsini, ni jamaa wa mbinu hiyo, ila matokeo ni laini zaidi: hakuna tukio, hakuna mwanzo, sauti imesimama na kumeremeta kwa usawa. Binafsi huona ni mbinu rahisi mno kwa aliyeitumia peke yake. Kitu chochote ukikinyoosha mara hamsini hupendeza, hata mlango.

Na kuna vitanzi. Kipande cha kanda kimeunganishwa mwisho kwa mwanzo na kinazunguka. Kitanzi kimoja ni marudio tu, lakini vitatu vyenye urefu usiolingana ni jambo jingine. Weka noti moja kwenye kitanzi cha sekunde 17, nyingine 19, ya tatu 23, zianze pamoja. Zitakutana tena kwenye mpangilio ule ule wa mwanzo baada ya sekunde 7,429, yaani saa 2, dakika 3 na sekunde 49. Kazi ya mwandishi imekuwa noti tatu tu. Msikilizaji akijua hili, hasubiri wimbo "uanze". Anachagua kitanzi kimoja, anakifuata, na kuona vingine vinavyokikaribia na kukiacha.

Spika, hedifoni na chumba

Spika ya simu haifai, na sababu si ile inayosemwa kila siku. Spika hiyo haiwezi kutoa sauti zilizo chini ya hezi mia kadhaa. Kwa piano ya kawaida hilo linavumilika, maana sikio likisikia hamoniki hujijazia lenyewe noti ya msingi iliyokosekana. Piano iliyochakatwa mara nyingi imekatwa hamoniki hizo kwa makusudi ili iwe laini. Noti ya msingi spika haiwezi kuitoa, na hamoniki za kulipa sikio fununu hazipo. Kinachobaki ni kimya cha kweli. Watu hudhani faili ni mbovu.

Vipokea sauti vya kuingiza masikioni vinahitaji kuziba vizuri. Pakivuja hewa kidogo, bezi yote inaondoka. Badilisha vipira vyake mpaka mkono wa kushoto wa piano usikike sawa pande zote mbili. Hedifoni kubwa zilizo wazi nyuma hutoa nafasi nzuri zaidi kwa mwangwi, ila zinahitaji chumba kitulivu. Zile zinazofuta kelele husaidia sana dhidi ya feni na injini, kwani hizo ni kelele za chini zisizobadilika, ndizo hasa mtambo unazoziweza. Ila mitambo mingine ina mvumo wake. Ijaribu bila muziki, katika chumba kitulivu: iwashe, izime. Ukisikia mvumo mwembamba unapoiwasha, huo ndio utakaokaa juu ya kila mkia.

Spika za mezani au za sakafuni zipange pembetatu sawa: kama ziko mita 2 kati yao, kaa mita 2 kutoka kila moja, na uzitenge na ukuta angalau nusu mita. Kisha shughulika na kiti, kwa sababu chumba nacho kina noti zake. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde. Chumba chenye urefu wa mita 4 huvuma kwenye hezi 43, karibu kabisa na F ya chini ya piano, ambayo ni hezi 43.65. Kila mkono wa kushoto unapogusa F hiyo, chumba kinaimba pamoja nayo na kuendelea baada ya rekodi kunyamaza, na utamlaumu mtayarishaji bure. Ukiwa umeegemea ukuta wa nyuma mvumo huo ni mkubwa kupita kiasi; ukiwa katikati kabisa ya chumba unatoweka. Weka kiti theluthi moja ya urefu wa chumba kutoka ukuta wa nyuma, halafu sogeza kidogo mbele au nyuma mpaka F ilingane na majirani zake, E na G.

Sauti ikiwa ndogo, sikio la binadamu hupoteza bezi kuliko sauti za kati. Fletcher na Munson walilipima hilo mwaka 1933. Kwa hiyo unaposikiliza kwa sauti ya chini, kuongeza desibeli 2 hadi 4 chini ya hezi 100 si kuharibu kazi ya mtu. Trebo, sauti za juu, usiiguse. Ukiipandisha unapandisha mvumo wa kanda.

Kuna hitilafu moja ambayo nimeona ikiwatesa watu wengi bila wao kuijua. Spika nyingi zenye amplifaya ndani, na zile zisizo na waya, hujizima au kulala zikiona hakuna sauti kwa muda. Kwa muziki wa kawaida hilo halitokei katikati ya wimbo. Kwa ambienti, spika huona mkia mdogo kuwa kimya, inalala, na noti inayofuata inafika bila mpigo kwa sababu spika ilikuwa bado inaamka. Ukisikia noti zinazoanza zimekatwa, au mkia unaokatika mahali pale pale pa udogo kila mara, zima kipengele hicho cha kulala. Kama hakizimiki, tumia waya au badilisha spika.

Mipangilio ya programu

Zima kuchanganya mpangilio wa nyimbo. Zima nyimbo kuingiliana, maana sekunde 5 za kuingiliana ndizo sekunde 5 za mkia wa mwisho. Washa uchezaji usio na mwanya kati ya wimbo na wimbo, kwani albamu nyingi zimekatwa katikati ya sauti inayoendelea.

Kipengele cha kusawazisha ukubwa wa sauti kiwekwe kwa albamu, si kwa wimbo mmoja mmoja. Kikisawazisha kila wimbo, kipande kilichokusudiwa kuwa kidogo kinapandishwa hadi kulingana na kikubwa, na umbali kati yao unafutwa. Ikwalaiza (kirekebisha sauti) yenye majina kama "Piano" au "Klasiki" iache.

Ubora wa faili una maana zaidi hapa kuliko kwenye dansi. MP3 ya kbps 128 (kilobiti kwa sekunde) kwa kawaida hukata kila kitu kilicho juu ya hezi 16,000 hivi, na hilo wengi hawalisikii. Wanachosikia ni mkia unaotetemeka na kububujika, kwa sababu mvumo wa kanda na mwangwi mwembamba ni vigumu kubana, na mashine imelazimika kuchagua cha kutupa. Kbps 256 au 320 zinatosha. FLAC, faili isiyotupa chochote, ni bora kama nafasi ipo.

Jaribio la jioni moja

Njia ya haraka ya kulifundisha sikio ni kufanya haya kwa mkono wako. Audacity ni programu ya bure na ina kila kinachohitajika. Rekodi noti moja ya piano, pedali imekanyagwa, usiguse kitu mpaka ikwishe kabisa. Inaweza kuchukua sekunde 20 au 30. Ukirekodi kwa simu, tafuta programu inayokuruhusu kuzima upandishaji wa sauti wa kujiendesha. Usipouzima, simu itapandisha sauti kadiri noti inavyofifia, mteremko utapotea na kelele ya chumba itavimba mahali pa mkia. Hifadhi kama WAV. MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni, na kitanzi chako hakitafungika.

Nakili noti hiyo mara nne. Ya kwanza iache ilivyo. Ya pili kata milisekunde 150 za mwanzo na uipandishe taratibu kwa nusu sekunde: sikia piano ikitoroka. Ya tatu igeuze, uiwekee riverbu ya sekunde 8, kisha uigeuze tena: sasa mwangwi unatangulia na noti inaufuata. Usisahau kuacha ukimya wa sekunde 8 mwishoni mwa faili iliyogeuzwa kabla ya kuweka riverbu, la sivyo mwangwi unakatwa kwa kukosa nafasi. Ya nne ipitishe kwenye Paulstretch, kifaa cha kunyoosha sauti kilichomo ndani ya Audacity, ukubwa mara 10, dirisha la sekunde 0.25. Sekunde 10 zinakuwa 100. Jaribu tena kwa dirisha la sekunde 0.05, utasikia sauti ikianza kukwaruza. Kwa sekunde 1, hata mabadiliko ya ndani yanayeyuka.

Kisha vitanzi vitatu vya sekunde 17, 19 na 23, noti tofauti kila kimoja. Mambo matatu yataharibika. Utasikia mdonoo pale kitanzi kinapofungwa: kata pale wimbi linapokatiza mstari wa katikati, au weka mfifio wa milisekunde 10 kila upande. Chini patajaa tope: kata kila kilicho chini ya hezi 80 kwenye vitanzi viwili vya juu kabla ya riverbu, si baada yake. Na siku vitanzi vitatu vikikutana, sauti itapasuka. Kwenye programu ukomo ni desibeli 0. Kila kimoja kikifika kilele cha desibeli -6, vitatu vikilingana vinaongeza hadi 9.5, jumla +3.5, juu ya ukomo. Viweke -12 kila kimoja na utabaki salama kwa -2.5.

Pa kuanzia

Kwa mwenye haraka, kipande cha kwanza cha Music for Airports ya Brian Eno, iliyotayarishwa mwaka 1978, kinatosha kwa wiki nzima. Piano ni ya Robert Wyatt, na vitanzi ndivyo vinavyoubeba wimbo. Usihesabu noti. Chagua moja ya juu na usubiri irudi.

The Plateaux of Mirror ya Harold Budd na Eno, 1980, ni somo la mwangwi: Budd anapiga, Eno anaichakata sauti, na mpigaji anasikia kilichochakatwa wakati akipiga. Ndiyo maana anangoja. Mikono yake inasubiri mkia upite kabla ya kugusa tena, na ukiusikiliza kwa spika ya simu utadhani anasitasita tu.

Felt ya Nils Frahm, 2011, inakwenda upande mwingine kabisa. Kitambaa kizito kimewekwa kwenye nyuzi ili zisisumbue majirani, maikrofoni zimesogezwa ndani ya piano, na unasikia mbao, nyundo, pumzi. Hapa mkia ni mfupi, kwa hiyo kanuni yangu inageuka: panga sauti kwa kufuata vishindo vya mitambo. Vikisikika vikubwa kuliko ambavyo vingesikika kwa mtu aliyekaa mbele ya piano, umezidisha.

Vrioon ya Ryuichi Sakamoto na Alva Noto, 2002, ndiyo ninayoiweka juu ya zote kwa zoezi. Piano ya Sakamoto inapita karibu haijaguswa, kisha vipande vyake vinakatwa na kuwekwa kando ya milio safi ya elektroni na midonoo midogo. Spika mbovu haina pa kujificha hapa. Kama milio ile ya juu haisikiki, tatizo liko kwenye kifaa au kwenye masikio, na inafaa kujua ni lipi.

Kuna namna ya pili ya kusikiliza ambayo inapingana na niliyosema mwanzoni, na ina haki yake. Eno aliandika mwaka 1975, kwenye maelezo ya Discreet Music, kwamba rekodi ile isikilizwe kwa sauti ndogo kiasi, hata mara nyingi ishuke chini ya kiwango cha kusikika. Ukitaka hivyo, kwa kazi au kwa usingizi, shusha mpaka mipigo peke yake ndiyo ichomoze juu ya kelele za chumba na mikia uisahau. Kwa usingizi tumia spika badala ya vipokea sauti, na kumbuka saa hujumlishwa: Shirika la Afya Duniani linahesabu desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kuwa ukomo kwa mtu mzima, na usiku saba za saa nane kwa kiwango hicho zinapita hapo. Weka kipima muda kinachofifisha sauti badala ya kuikata, na uzime uchezaji wa kujiendesha, maana programu ikimaliza albamu huchagua yenyewe inachofuatisha, na haijui kwamba umelala.